Mmea wa Mwaka au Mmea wa Msimu?

Ukitembea na kandambili kwenye mchanga wa Vitshumbi, kusini mwa Ziwa Edward nchini Kongo, mbigili hukuchoma kabla hujauona. Unainama kung'oa mwiba, na hapo ndipo unapoliona ua lake: dogo, la manjano, petali tano, stameni kumi. Hufunguka asubuhi, na mchana petali huanza kudondoka. Shina limetambaa chini, na majani yamekaa mawilimawili, moja kubwa kuliko jingine.

Mwanabotania Linnaeus aliuita Tribulus terrestris mwaka 1753. Kwa Kilatini, tribulus ni chuma chenye ncha nne kilichotegwa njiani kuumiza farasi wa adui. Vyovyote utakavyokitupa, ncha moja husimama. Tunda la mbigili ndivyo lilivyo. Likikauka hupasuka vipande vitano vyenye miiba, vinavyosafiri kwa nyayo za watu, kwato na matairi ya pikipiki.

Vitabu vya botania huuweka mbigili kwenye kundi ambalo kwa Kifaransa huitwa plante annuelle. Jean Lebrun, Mbelgiji aliyechunguza uwanda huu wa kusini mwa ziwa mwaka 1937 na 1938, aliandika kwa Kifaransa, na ni kwa lugha hiyo wanafunzi wa Kongo husoma botania. Anayetafsiri harakaharaka husema "mmea wa mwaka". Mimi naikataa tafsiri hiyo. Imebeba hali ya hewa ya Ulaya, ambako baridi huua mmea mara moja kila mwaka. Vitshumbi haifiki hata digrii moja kutoka ikweta, na mvua zake zina vipindi viwili. Mvua ikinyesha, mbigili huota. Wiki chache baadaye umechanua na kuzaa. Jua likikaza, unakufa. Ndani ya miezi kumi na miwili, mama na mtoto wote wanaweza kuwa wamekwisha.

Kwa hiyo nasema mmea wa msimu mmoja. Msimu ni neno tulilopewa na Kiarabu, likafuata pepo za kaskazi na kusi huko pwani, na mkulima wa Rutshuru anayepanda maharagwe mara mbili kwa mwaka analielewa bila kufafanuliwa. Maana kamili ya mmea wa msimu mmoja ni hii: mmea unaotoka mbegu hadi mbegu katika msimu mmoja, kisha unakufa na mizizi yake. Hayo ya mizizi yasiachwe. Mgomba nao huzaa mkungu mmoja na shina likafa, lakini chini pana machipukizi. Huo ni mmea wa kudumu.

Mbigili wenyewe una ukaidi kidogo: penye joto na unyevu wa kutosha, huweza kupitiliza msimu. Na kila kipande cha tunda kina mbegu kadhaa. Kwa kawaida moja hutangulia kuota, na nyingine hubaki mchangani zikingoja mvua nyingine.