Mwamba wa Kolo Juu ya Jukwaa

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kazi ambayo watazamaji wa michezo ya kuigiza huiona bila kuifikiri. Pazia lifunguliwapo, nyuma ya wachezaji huonekana nyumba, au msitu, au ukuta wa jiwe. Vitu hivyo havikujitokeza vyenyewe. Yuko mtu aliyekwenda kuvitafuta, akavichora, akavipima, kisha akampa seremala karatasi yenye hesabu. Twataka kuieleza kazi hiyo kwa mfano wa Kolo, katika nchi ya Warangi, wilaya ya Kondoa; maana huko iko miamba ambayo imekwisha kunakiliwa karatasini, na habari za kazi hiyo zajulikana.

Desturi ya kutengeneza jukwaa kwa kipimo si ya jana. Mwaka 1545 Mwitaliano Sebastiano Serlio alichapisha kitabu mjini Paris, na ndani yake alionyesha ramani ya jukwaa pamoja na picha za mandhari za namna tatu: moja ya michezo ya huzuni, moja ya michezo ya kuchekesha, na moja ya mambo ya porini. Lakini Serlio alichora mji wowote na pori lolote. Mtu aliyetia mkazo katika kutafuta ukweli wa mahali ni Georg II, mtawala wa Saxe-Meiningen katika Ujerumani, aliyetawazwa mwaka 1866. Mtawala huyu alikuwa mchoraji, na kundi lake la wachezaji lilizunguka Ulaya tangu mwaka 1874 hata mwaka 1890. Kama mchezo ulihusu Roma ya kale, yeye alichunguza habari za Roma kwanza, ndipo akachora kwa mkono wake majengo, mavazi, hata silaha. Watu wengine walimwona kuwa mtu wa kujisumbua bure. Sisi twaona kuwa alikuwa na haki: mtazamaji aliyeonyeshwa Roma ya uongo hurudi nyumbani na Roma ya uongo kichwani.

Sasa tuje Kolo. Kijiji hiki kiko kaskazini ya mji wa Kondoa, katika njia kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha. Katika magenge yanayotazama nyika ya Wamasai iko miamba iliyoinama mbele kama baraza, na chini ya baraza hizo watu wa zamani walichora wanyama na watu, wengi kwa rangi nyekundu. Michoro myeupe ni ya baadaye. Eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina kilometa za mraba 2,336, na miamba yenye michoro ndani yake inazidi 150.

Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuwa akiishi Kenya, alifika Kondoa na kukaa miezi kama mitatu akinakili. Hakunakili kila jiwe. Aliikagua miamba mingi kabla ya kuchagua ile ambayo michoro yake ilikuwa wazi kutosha. Hapo aliweka juu ya mwamba karatasi inayopitisha mwanga, akafuatisha kila mstari kwa ukubwa wake wenyewe, halafu akaichora upya na kutia rangi zinazofanana na zile za jiwe. Kwa njia hiyo alipata nakala za michoro kama 1,600. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1983, yaani miaka 32 baadaye, na jina alilokipa lasema kuwa sanaa hii inatoweka.

Yeyote atakaye kuujenga mwamba wa Kolo juu ya jukwaa hana budi kuifuata njia ile ile: kwenda kuona, kuchagua, kuchora haraka kwa penseli akiwa amesimama pale pale, kupima, na mwisho kupunguza. Kupunguza ndiko kunakowashinda wengi, lakini si kugumu. Tuseme uso wa mwamba una upana wa meta 5 na kimo cha meta 3. Tukichagua kipimo cha moja kwa ishirini, basi karatasini upana utakuwa sentimeta 25 na kimo sentimeta 15. Karatasi hiyo tuigawe kwa miraba ya sentimeta 5. Kila mraba mmoja utakuwa meta moja katika kitambaa cha jukwaa. Seremala na mpaka rangi watajaza mraba baada ya mraba, hata kama hawajafika Kondoa maishani mwao. Na mchezaji mwenye kimo cha sentimeta 160 achorwe karatasini kwa sentimeta 8, tupate kujua mapema kama kichwa chake kitagonga dari ya baraza.

Lakini hapa pana jambo ambalo hesabu peke yake haitoshi. Watu waliochorwa Kolo ni wembamba mno, wengine kama nyuzi, na mchoraji wao aliwakusudia watu walio karibu. Mchoro wa kimo cha sentimeta 30, ukitazamwa kutoka meta 1 na nusu, waonekana vizuri. Aliye katika kiti cha nyuma, meta 15 kutoka jukwaani, hataona kitu. Ili auone kama alivyouona yule aliyesimama mwambani, mchoro wapaswa kuwa na kimo cha meta 3, yaani mara kumi! Basi fundi afanyeje? Akikuza michoro na kuuacha mwamba ulivyo, ameharibu uwiano. Asipokuza, amewanyima watazamaji. Sisi twapendelea achague mchoro mmoja tu, aukuze katika kitambaa cha peke yake, asidai kuwa ndivyo mwamba ulivyo.

Na achague kwa hadhari, kwa sababu kuchagua ni kufasiri. Katika mwamba mmoja wa Kolo wamechorwa watu watano wamesimama pamoja, wa katikati akishikwa na wenzake wa pande mbili. Bibi Leakey alidhani kuwa ni mwanamke anayenyakuliwa, hawa wakimvuta na hawa wakimzuia. Katika miaka ya 1980, David Lewis-Williams wa Afrika Kusini alitoa fikira nyingine, akilinganisha na ngoma za uganga: kwamba huenda ni mtu aliyepandwa na nguvu za ngoma, na wenzake wanamtegemeza asianguke. Kabla yake, mwaka 1971, Eric ten Raa alikuwa amekwisha kuandika juu ya Wasandawe wa upande wa magharibi wa Kondoa na ngoma yao iitwayo simbo, akionyesha kuwa michoro na maisha ya watu walio hai havikutengana kabisa. Mistari ni ile ile. Lakini fundi wa jukwaa akiweka taa nyekundu na ngoma ya vita, watoto wote wa shule watatoka wakisema waliona mwanamke akiibwa. Akiweka mwanga mdogo na makofi ya taratibu, watasema waliona mgonjwa akiponywa. Kwa hiyo twasema mistari inakiliwe kama ilivyo, pasipo kumwongezea yeyote mkuki ambao hana.

Tena, mwamba wa Mungomi wa Kolo haukuachwa na wenyewe. Watu huenda huko kutambika, kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na katika matambiko hayo pombe hunyunyizwa, jambo linalowatia wasiwasi walinzi wa michoro. Walinzi wana sababu yao, na watambikaji wana yao iliyo ya zamani zaidi ya ofisi yoyote. (Wasio na sababu yoyote ni wale wanaochimbua sakafu za mapango wakitafuta dhahabu ya Wadachi.) Mtu aendaye kuchora kwa ajili ya jukwaa apite kwanza katika ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, apewe kiongozi, kisha awaulize wazee ni sehemu gani ya mwamba isiyopasa kuonyeshwa mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Akifika mwambani, asimwage maji juu ya rangi ili ing'ae, wala asibandike karatasi kama ilivyofanywa mwaka 1951. Siku hizi watafiti hupiga picha na kuchora kutoka katika picha hiyo, maana msuguano hula rangi. Aweke kijiti chenye alama za sentimeta kando ya mchoro kabla ya kupiga picha. Pasipo kijiti hicho, atakaporudi Dodoma hatajua kama twiga aliyemwona alikuwa na urefu wa mkono au wa kidole.