Kasri la Njoro lililopitia Changamwe

Marumaru na mbao za mwaloni zilizopamba kasri la Lord Egerton ziliagizwa Ulaya, na safari yake ya bara ilianzia hapa hapa kwetu Mombasa. Shehena ya namna hiyo ilishushwa Kilindini, ikapakiwa kwenye mabehewa, garimoshi likavuka Makupa, likapita Changamwe na kuanza kupanda. Zaidi ya kilomita 700 mbele, kwenye nyanda za Njoro zilizo juu ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, lilikuwa likiinuka jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 50. Mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto.

Ukifika Njoro leo, kisa utakachosimuliwa kwanza ni cha mapenzi. Bwana huyo alimleta mchumba wake kutoka Uingereza, akamwonyesha nyumba ndogo aliyokuwa akiishi. Binti akaitazama, akasema ni banda la kuku. Basi akamjengea kasri. Binti akalikataa nalo, akaenda kuolewa kwingine, na tangu siku hiyo Egerton akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga shamba lake. Ni kisa kitamu, na wageni hukipenda. Lakini tukiweka miaka mezani, kinaanza kuyumba.

Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874. Ujenzi wa kasri, kwa ramani ya msanifu Albert Brown, ulianza 1938, ukakwamishwa na Vita Vikuu vya Pili, ukamalizika 1954. Maana yake ni kwamba jiwe la kwanza liliwekwa akiwa na miaka kama 64, na alipohamia alikuwa amegonga 80. Aliishi humo miaka michache tu, akafariki Januari 1958. Huenda moyo wake uliwahi kuvunjika ujanani. Mzee wa miaka 64 hakatazwi kupenda pia. Ila mtu anayejenga kwa miaka 16, licha ya vita, hadi uzeeni, anaonekana kwangu kuwa na kiu nyingine kabisa. Alikuwa akijijengea kwao.

Na kwao kulikuwa wapi? Tatton, katika jimbo la Cheshire. Maurice alirithi cheo cha baba yake mwaka 1920, akawa Baron Egerton wa nne na, kama ilivyotokea, wa mwisho. Hakuwa mtu wa kukaa kitako. Aliwafahamu ndugu Wright wa Marekani, wale waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, na mwaka 1910 naye akapata leseni ya urubani, ya 11 kutolewa na klabu ya marubani ya Uingereza. Alipenda kupiga picha na kuwinda. Miaka ya 1920 akaingia Kenya kama walowezi wenzake.

Watu hulisifu jengo lake kuwa ni kasri la enzi za kati za Ulaya. Sisi tuliokua tukiitazama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tunajua jengo la vita lilivyo: kuta nene, pembe za kuwekea mizinga, mlango mmoja wa kulindwa. Njoro hakuna hayo. Ni nyumba ya starehe, ya mawe yaliyochongwa kwa ustadi. Kilicho cha enzi hizo ni wazo lililo ndani yake. Zamani hizo Uingereza nyumba ya bwana ilikuwa kwanza ni ukumbi: dari iko juu, meko inawaka, watu wote wa nyumba wanakula pamoja na bwana wao ameketi mbele. Tatton upo ukumbi wa aina hiyo mpaka leo, wa mwanzoni mwa miaka ya 1500, mkongwe kuliko jumba kubwa la familia lililojengwa baadaye.

Egerton aliupandisha ukumbi huo milimani. Chumba kikubwa kuliko vyote katika kasri ni ukumbi wa dansi, na humo mna kinanda cha mabomba, cha aina inayopulizwa hewa kama vile vya makanisa makuu. Kuna meko za kuotea moto na mbao zilizosuguliwa kutani. Kila kitu kilikuwa tayari kwa karamu, na karamu zinahitaji watu.

Upande ambao kisa cha mapenzi huuruka ni ardhi yenyewe. Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa chini ya mkataba wa 1904, na mwaka mmoja kabla ya hapo mlowezi Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa ekari 100,000 hapo hapo Njoro. Wakazi wa Likoni na Kisauni hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wapo wazee wetu waliozaliwa, wakaoa na kuzika wazazi kwenye shamba, wakaambiwa baadaye kuwa ni maskwota kwa sababu hati iko kwa mwingine. Kasri lilisimama juu ya hati ya namna hiyo, na kuta zake zilipandishwa na vibarua ambao wangeingia ukumbini kwa kufagia tu.

Haki nayo isemwe. Mwaka 1939, huku kasri likijengwa, Egerton alitoa ekari 740 kuanzisha shule ya kilimo. Ilikuwa ya Wazungu, kwa ajili ya vijana watakaoendesha mashamba ya walowezi. Mwaka 1950 ikawa chuo, milango ikafunguliwa kwa Waafrika baadaye, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Watoto wa Pwani wamesomea huko kilimo, ualimu na mengineyo. Kwangu mimi urithi wake ni huo, kuliko marumaru.

Kasri sasa ni turathi ya taifa, chini ya uangalizi wa chuo hicho. Wageni hulipa kiingilio, na maharusi hufanyia harusi zao pale ambapo, kwa masimulizi, mwanamke hakuruhusiwa kupita. Linalonikera ni kwamba jina la mwenye nyumba analijua kila mtu, la msanifu linatajwa, na majina ya waliochonga mawe hayasikiki. Kijana aliyekuwa na miaka 18 kazi ilipokwisha mwaka 1954 leo amepita 85. Chuo kina wanahistoria na kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Wawafuate wazee wa Njoro na Ngata majumbani kwao mwaka huu, wakae nao, wawaulize nani alikuwa fundi wa ukuta gani na alilipwa shilingi ngapi.