Kebo Mbili Si Njia Mbili

Wasee, mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Video zilikuwa zinazunguka tu, picha zikakataa kwenda, na kila mtu akadhani ni bando imeisha. Mimi nilizima simu na kuiwasha mara tatu. Kumbe shida ilikuwa baharini, kule upande wa Afrika Kusini na Msumbiji: kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja.

Hii stori haikuanza hapo. Turudi nyuma kidogo.

Kabla ya 2009, intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti, kama kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa polepole na bei ilikuwa moto. Hata barua pepe ya kumtumia mtu wa mtaa wa pili, kama yuko kampuni tofauti, ilipaa hadi majuu kisha ikarudi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti zikafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data hapa hapa Nairobi. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na tume ya mawasiliano, CCK, ikakifunga baada ya wiki mbili hivi. Kikafunguliwa tena 2002.

Mwaka 2009 TEAMS na Seacom zikafika Mombasa, EASSy ikafuata 2010. Tukasema sasa tumefika, moja ikikatika zingine zipo.

Februari 2012 ikatuonyesha. EASSy ilikatika kwenye Bahari ya Shamu, data ikahamishiwa TEAMS. Siku chache baadaye, meli iliyosubiri kuingia bandari ya Mombasa ikakata TEAMS kwa nanga. Akiba nayo ikaenda.

Na 2024? Upande wa kaskazini wa Seacom ulikuwa umeshakatika Bahari ya Shamu tangu Februari. Kwa hivyo Mei, kusini kulipokatika, tulikuwa tayari tunatembea na mguu mmoja.

Sasa sikiza. Mitandao huelekezana kwa lugha inayoitwa BGP: kila rauta inaambia jirani, "Ukipitia kwangu unafika huku." Njia moja ikifa, rauta inahamia nyingine yenyewe. Poa sana, lakini hapo ndipo mtego uko. Njia ya akiba inaweza kufa kimyakimya na wewe usihisi chochote, kwa sababu ile kuu bado inafanya kazi. Ni kama spea ya gari: siku ya pancha ndio unajua ilishaisha upepo.

Ndiyo maana mafundi wazuri hawangoji intaneti izime. Kengele inalia hata kama ni njia moja tu kati ya mbili imeanguka. Wanapima kama iliyobaki inaweza kubeba mzigo wote. Wengine huzima njia kuu makusudi usiku, waone kama akiba itashika.

Siku hizi kuna vijana wanaokula kwa kazi za mtandaoni. Kwao, siku moja bila intaneti ni siku moja bila mshahara. Kwa hivyo kampuni yako ikijisifu ina kebo tatu, iulize maswali mawili: zinapitia wapi, na ya akiba ilijaribiwa lini mara ya mwisho?