Mfanano wa giaboksi za otomatiki

Mfanano wa giaboksi za otomatiki ni hali ya magari ya kampuni mbalimbali kutumia giaboksi zilizotoka kiwanda kimoja, au zilizoundwa kwa kanuni moja. Nembo iliyo mbele ya gari humtaja aliyeliunda gari, lakini giaboksi iliyo chini ya boneti mara nyingi ni kazi ya mwingine. Jijini Kisumu na katika miji ya ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako magari mengi ni mitumba ya Japani, mfanano huu ndio unaoamua fundi yupi ataliweza gari, spea itatoka wapi na oili ipi itatiwa.

Asili

Giaboksi ya otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Mwaka 1949 ilikuwa tayari ndani ya Lincoln, gari la Ford, mshindani mkuu wa General Motors. Rolls-Royce nao waliichukua miaka michache baadaye.

Kuazimana huko kulitokana na gharama. Giaboksi ina mamia ya vipande vinavyopaswa kulingana kwa usahihi mkubwa, na kiwanda chake hakilipi mpaka kitoe giaboksi nyingi mno. Kwa hiyo kazi hiyo iliangukia kampuni chache maalumu. ZF ilianzishwa Ujerumani mwaka 1915. Aisin-Warner ilizaliwa Japani mwaka 1969 kwa ubia wa Aisin Seiki na BorgWarner ya Marekani. Jatco ilifuata mwaka 1970, ikiwa ubia wa Nissan, Ford na Toyo Kogyo, ambayo leo ni Mazda.

Muundo wa ndani

Giaboksi nyingi za otomatiki hupokea nguvu ya injini kupitia torki konvata, chombo kilichojaa oili ambacho msingi wake uliwekwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905. Ndani zaidi zimo gia za sayari: gia moja katikati iitwayo jua, nyingine ndogo zinazoizunguka, na pete yenye meno inayozifunga zote. Klachi za oili hushika au kuachia sehemu mojawapo, na mwendo hubadilika.

Mpangilio wa Mmarekani Howard Simpson ulitumiwa na Ford, General Motors na Chrysler kwa miongo kadhaa. Ule wa Mfaransa Pierre Lepelletier ulizaa giaboksi za gia 6 za ZF na za Aisin.

Giaboksi za CVT hazina ngazi za gia. Mshipi wa chuma hupita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mshipi huo ulitokana na kazi ya akina Van Doorne wa Uholanzi, na leo uko ndani ya magari madogo mengi ya Japani.

Familia zinazoonekana Kisumu

- *Jatco JF011E*: Nissan huiita RE0F10A na iliitia ndani ya X-Trail. Mitsubishi Outlander inayo kwa jina la F1CJA. Imo pia katika Renault Koleos na Jeep Compass.
- *Jatco JF015E*: CVT ndogo yenye seti ya ziada ya gia za sayari. Imo katika Nissan Note, Suzuki Swift na Mitsubishi Mirage.
- *Gia 6 za Aisin*: zimo katika Volkswagen, Volvo, Mazda na Peugeot za miaka mbalimbali.
- *CVT za Toyota*: Fielder, Axio, Vitz, na Probox tangu 2014. Hazitengenezwi na Jatco, ila kanuni ni ileile ya puli na mshipi.

Honda ilishika njia yake: otomatiki zake nyingi za zamani hupanga gia kwenye mihimili sambamba, bila gia za sayari. Lineartronic ya Subaru ni CVT, lakini hutumia mnyororo badala ya mshipi.

Mipaka ya mfanano

Giaboksi za familia moja hazibadilishani hivihivi. Uwiano wa gia ya mwisho, mdomo unaoshika injini na programu ya kompyuta huweza kutofautiana. Katika CVT nyingi za Jatco, takwimu za valvu za giaboksi husika lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Oili pia ina majina yake: Nissan huagiza NS-2 au NS-3, Toyota huagiza FE, na Honda huagiza HMMF au HCF-2. Oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki (ATF) haifai ndani ya CVT, kwa sababu mshipi huteleza na kukwangua puli.

Matunzo katika mazingira ya ziwa

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kericho karibu mita 2,000. Gari dogo lililojaa abiria au samaki, likipanda kutoka Ahero kwenda Kericho, hupasha oili ya CVT joto kali. Gari likianza kupoteza nguvu mlimani, dereva asimame na kuiacha giaboksi ipoe. Mafuriko ya tambarare ya Nyando ni hatari nyingine: maji yakiingia ndani hulowanisha bitana za klachi, nazo hubanduka. Gari lililozama lisiwashwe kabla ya oili kukaguliwa, na likikwama lisivutwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini.

Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo giaboksi hufika zikiwa zimeshafanya kazi miaka kadhaa. Kabla ya kununua spea au oili, mwenye gari asome kibao cha taarifa kilicho mlangoni au ndani ya boneti, chenye namba ya giaboksi. Fundi akiijua namba hiyo, ujuzi alioupata kwa X-Trail utamfaa pia kwenye Outlander.