Kinyonga, mjusi asiye na tundu la sikio

Mtazame mjusi wa ukutani hapa Kisangani: nyuma ya jicho lake kuna tundu dogo la sikio. Kinyonga ni jamaa yake, lakini tundu hilo hana, wala kiwambo cha sikio. Hata kinyonga wa jangwa la Namib yuko hivyo. Si kiziwi kabisa, lakini. Sikio la ndani analo, na sauti nzito, hasa za mitetemo 200 hadi 600 kwa sekunde, humfikia kupitia mifupa ya kichwa. Vinyonga wengine hutetemesha mwili, na mtetemo hupita kwenye tawi.

Basi, wapendwa, asipokimbia mkimpigia kelele, si uchawi: husikia kidogo, na mwendo wake ni wa polepole. Sumu pia hana. Watoto wasimpige mawe.