Mlangoni Shilingi Ngapi?

Dagaa wa Kirando, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, huvuliwa gizani. Usiku usio na mwezi, taa huwashwa ziwani na mitumbwi hukesha hadi alfajiri. Mwezi ukipevuka, nuru yake huifanya taa kuwa kazi bure, nyavu huanikwa, na kwa siku kadhaa mji hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za harusi, za ngoma na za disko vumbi. Ukitokea uvumi kwamba msanii fulani anakuja Namanyere au Sumbawanga, watu wa ufukweni hawaanzi kwa kuuliza ataimba nini. Wanauliza: mlangoni shilingi ngapi?

Swali hilo ni la miaka mingi, na siku hizi linaulizwa kwa uchungu, si hapa kwetu tu bali hata London na Chicago. Ili kuujua uchungu huo ulikotoka, inabidi turudi nyuma sana, hadi wakati ambapo mlango haukuwapo.

Ngoma ya kwetu Ufipa haikuwa na mlango. Juu kwenye uwanda, aliyetaka kulimiwa matuta ya ntumba alipika pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe, na jua lilipotua ngoma ikaanza. Hakuna aliyelipa kuingia, kwa kuwa hapakuwa na pa kuingilia. Lakini tusiseme ilikuwa bure. Ulezi ulitoka katika ghala la mtu, mgongo ulioinama kutwa ulikuwa wa mtu, na mpiga ngoma alikula na kunywa kwa jasho la wote. Gharama ilikuwapo, ila iligawanywa hata hakuna aliyeihisi peke yake. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana naiona historia yote ya kiingilio katika nchi yetu kuwa safari ya mzigo huo, kutoka mabega ya wengi hadi bega la mtu mmoja aliyesimama getini.

Ngoma ya beni ilipozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, kisha askari na makarani wakaisambaza bara, mzigo ulikuwa bado wa pamoja. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, kwa tarumbeta na kwa vyeo vya kuiga jeshi, na fedha za fahari yote hiyo zilitoka kwenye michango ya wanachama. Dansi ilirithi desturi hiyo. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba mwaka 1948, na Western Jazz ikaanza mwaka 1959. Nyingi za bendi hizo zilikuwa na sura ya klabu: kuna wanachama, kuna ada, kuna mwenye vyombo, na kuna mlango wa ukumbi. Hapo ndipo kiingilio kinapoanza kuonekana kama tunavyokijua leo. Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951 ikawa ukumbi wa pili. Redio ilimfikia mtu asiyeuona mji mkuu maisha yake yote, na haikumtoza kitu mlangoni.

Kisha kikaja kipindi ambacho, kwa maoni yangu, hatujakitafakari vya kutosha. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake ikaitwa NUTA Jazz. Wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na vyombo vikawa mali ya chama. Mfano huo ukaenea upesi. Polisi wakawa na bendi, JKT ikawa na bendi, umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978 ikiwa na sauti za Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji mwaka 1983, ndiyo maana mpaka leo watu husema DDC Mlimani Park. NUTA Jazz yenyewe ikageuka JUWATA, ikageuka OTTU, na leo ni Msondo Ngoma.

Tazama maana yake mlangoni. Bendi ambayo gitaa zake zimenunuliwa na chama, na mpigaji wake ana mshahara, haihitaji kumkamua mshabiki ili ilale na chakula. Fundi wa viatu na karani waliweza kusimama foleni moja. Karani yule yule, kwa mchango wake wa chama cha wafanyakazi, alikuwa ameshalipia sehemu ya dansi kabla hajavaa suruali ya jioni.

Wapo wanaoikumbuka enzi hiyo kama pepo, nami sikubaliani nao. Mwajiri aliyebeba mzigo alitaka pia kuchagua wimbo. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na vijana waliokuwa wakijaza kumbi kwa ajili ya James Brown wakaambiwa hiyo si tabia ya Mtanzania. Mishahara ya wanamuziki ilikuwa midogo hata wakawa wanahama bendi moja hadi nyingine wakitafuta nafuu. Kirando nayo ilibaki mbali: Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa kwa barabara, na kwa miaka mingi tegemeo la mwambao huu lilikuwa Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ilitia nanga majini na mitumbwi ikaifuata kuchukua watu na mizigo. Kiingilio kikiwa chepesi Kariakoo, hakimpunguzii nauli mtu wa Kirando.

Kwetu muziki ulivuka maji. Ng'ambo ya pili ni Moba, na kaskazini yake Kalemie, na rumba ya Kongo ilikuwa ikisikika huku kabla magitaa ya Dar es Salaam hayajatufikia vizuri. Wanamuziki wenyewe pia walihamia upande huu. Orchestra Maquis ilitoka Kamina ikaweka makao Dar es Salaam, na Remmy Ongala wa Kindu akaja mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Na ni huko kwa jirani ambako kiingilio kilipewa somo kubwa kuliko yote ninayoyajua.

Septemba 1974, katika uwanja wa mpira wa Kinshasa, liliandaliwa tamasha la siku tatu kuutangulia mpambano wa Muhammad Ali na George Foreman. Jukwaani walipanda James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Waandaaji walitegemea watalii wa Kimarekani wenye dola. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, na watalii hawakuja. Kiingilio kilikuwa juu ya uwezo wa mkazi wa kawaida wa Kinshasa, basi siku za mwanzo uwanja ukawa na mapengo makubwa huku Franco akipiga nyumbani kwake mwenyewe. Siku ya mwisho watu wakaruhusiwa kuingia bure, na uwanja ukafurika. Watu wale wale waliohesabiwa kwamba hawapendi walikuwa wamezuiwa na bei tu. Nikisikia promota analalamika kwamba watu wa mikoani hawana mwamko, huwa naikumbuka Kinshasa.

Uingereza nayo iliwahi kujua mlango wazi. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury, alisimama na kundi lake la Queen katika bustani ya Hyde Park, London, tarehe 18 Septemba 1976, mbele ya umati mkubwa ambao haukulipa senti. Miaka 18 baadaye hali ilikuwa imegeuka. Mwaka 1994 kundi la Eagles lilivuka dola 100 kwa tiketi, na mwaka huo huo Pearl Jam, waliotaka mashabiki wao walipe chini ya dola 20, waliishtaki kampuni ya Ticketmaster mbele ya wizara ya sheria ya Marekani. Uchunguzi ukafungwa mwaka 1995 bila hatua. Mchumi Alan Krueger alikokotoa kwamba kati ya mwaka 1996 na 2003 bei ya wastani ya tiketi za maonesho ya Marekani ilipanda kwa asilimia 82, ilhali bei za bidhaa kwa jumla zilipanda kwa asilimia 17. Agosti 2024, tiketi za Oasis za kusimama zilizotangazwa kwa takriban pauni 150 zilifika pauni 355 watu wakiwa bado kwenye foleni ya mtandaoni. Mashabiki waliona wameibiwa. Sisi tunalo neno lililovuma wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983: ulanguzi. Tofauti ni kwamba safari hii mlanguzi ni yule yule mwenye duka.

Kwa nini bei ilikimbia hivyo? Krueger alielekeza kidole kwenye santuri. Zamani msanii aliweka kiingilio cha wastani ili umma ujae, urudi nyumbani ukanunue santuri zake. Muziki ulipoanza kupatikana bure mtandaoni, jukwaa likabaki kuwa shamba pekee. David Bowie alikuwa ameshatabiri mwaka 2002 kwamba muziki utakuwa kama maji ya bomba, na kwamba msanii ajiandae kuishi kwa maonesho.

Kwetu yalitokea yale yale, tena kwa kishindo zaidi. Mashirika yaliyolea bendi yalidhoofika miaka ya 1980, na mengi yakabinafsishwa au kufa. Shilingi iliyokuwa nane kwa dola moja mwaka 1980 ilifika zaidi ya 2,500 mwaka 2024, na spika, taa na vyombo vyote hununuliwa kwa hesabu ya dola. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua redio binafsi, Bongo Fleva ikazaliwa, kanda zikanakiliwa mitaani bila msanii kupata chochote. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ikaleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, lakini kanda zilikuwa zimeshatangulia sokoni. Mzigo ukahamia kwa mdhamini, yaani kampuni ya bia au ya simu, na kwa promota. Tamasha la Fiesta likamleta Ludacris mwaka 2011, Rick Ross mwaka 2012, T.I. mwaka 2014. Uwanja mmoja ukagawanywa: kawaida, VIP, VVIP, meza ya watu kumi yenye chupa zake. Foleni moja ya fundi viatu na karani ikaisha.

Sitaki kumdhulumu promota. Analipa uwanja, ulinzi, kibali, kodi, mafuta ya jenereta, na msanii anayetaka fedha yote kabla hajapanda gari. Lakini ana mazoea yanayoumiza: bei ya kawaida kutangazwa leo na kupandishwa getini kesho, au msanii mkubwa kuwekwa kwenye tangazo kisha asionekane.

Mashabiki wa mwambao huu nawasikia wakigawanyika. Vijana wa mitumbwini husema bei si kitu, mradi msanii aje mwenyewe na apige kweli, si kufungulia wimbo wa kurekodi na kupunga kipaza sauti. Akina mama wanaoanika dagaa huhesabu kwa ndoo: tiketi hiyo ni ndoo ngapi, na ada ya mtoto inabaki wapi? Watu wazima waliowahi kuiona Msondo husema muziki wenye matabaka si dansi. Wote watatu wana haki, ila hesabu ya akina mama ndiyo iliyo kamili. Kiingilio cha msimbazi mmoja Sumbawanga si 10,000 kwa mtu wa Kirando. Weka nauli ya kupanda mlima hadi Namanyere na kuendelea, weka kitanda cha kulala, weka mlo, weka usiku wa uvuvi uliopotea. Tiketi yenyewe inakuwa sehemu ndogo. Na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, hata hesabu hiyo haikuwa na wa kuifanya.

Njia ipo. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, limekuwa likimtoza Mtanzania kidogo kuliko mgeni katika Ngome Kongwe. Gharama inagawanywa kwa uwezo, kama pombe ya ulezi ilivyogawanywa. Wanaolisimamia wanajua ugumu wake, kwani mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, lakini lilirudi na bei ya mwenyeji ikabaki. Wasafi Festival nayo ilianzia Mtwara Novemba 2018, si Dar es Salaam. Kumbe inawezekana kumfuata mshabiki alipo.

Basi ombi langu ni kwa mapromota, kwa wadhamini na kwa halmashauri ya wilaya yetu ya Nkasi. Leteni onesho moja kwa mwaka huku ufukweni. Mdhamini abebe jukwaa na mafuta, halmashauri itoe uwanja bila malipo, bei iwe moja na itangazwe mwezi mzima kabla, na isibadilike getini. Na kabla hamjapanga tarehe, tazameni mwezi: mje wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu.