Cherehani na Siri ya Umri Wake Mrefu

Miongoni mwa vyombo vilivyotoka katika viwanda vya Ulaya na Marekani vikaingia katika nyumba zetu, ni vichache vilivyojaaliwa umri kama wa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Kwani hata leo, barazani mwa mafundi wa nguo Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, huonekana mashine zilizoundwa kabla ya kuzaliwa wale wanaozitumia, nazo zingali zashona. Aghalabu watu husema kuwa sababu ni ugumu wa chuma chake. Chuma kina sehemu yake, lakini tukiitazama historia tutaona kuwa cherehani iliishi kwa kuwa iliwezekana kufunguliwa, na kwa kuwa aliyeiuza alikuwa na haja nayo hata baada ya kuiuza.

Isaac Merritt Singer alipata hataza ya mashine yake nchini Marekani mnamo Agosti 1851, miaka mitano baada ya Elias Howe kupata ya kwake. Kwa kuwa bei ilizidi uwezo wa jamaa wa kawaida, mwaka 1856 mshirika wake, Edward Clark, alianzisha biashara ya kukopesha: mnunuzi alitanguliza fedha kidogo, akaichukua mashine nyumbani, na salio akalilipa mwezi baada ya mwezi. Muradi wake ulikuwa faida, wala si sadaka. Lakini mdaiwa ambaye mashine yake imekufa huwa mzito wa kulipa, na kwa hiyo ikaifaa kampuni kuwa na mawakala wa kufundisha ushonaji, kukusanya malipo na kutengeneza kilichoharibika.

Hapo mwanzo vipande vya mashine vilisawazishwa kwa tupa, kimoja kimoja, hata kipande cha mashine hii hakikuafikiana na ile. Ni taratibu tu, hasa kuanzia miaka ya 1880, ndipo viwanda vya Singer vilipokaribia kuunda vipande vilivyofanana. Na kile cha Clydebank, Uskochi, kilichofunguliwa mwaka 1885, kilitoa zaidi ya mashine milioni moja katika mwaka 1913 peke yake. Mashine hizo zilipigwa nambari, zikafuatana na kijitabu cha maelezo, na vipuri vikauzwa mbalimbali, hata fundi aliye mbali na Uskochi akaweza, kwa bisibisi na mafuta, kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kazini. Mkanda wa ngozi ukilegea, huukata kidogo na kuuunga tena kwa kipande cha waya. Sindano ikivunjika, hununua nyingine kwa senti chache.

Ilhali cherehani yaendelea hivyo, wenye viwanda wengine walishika njia ya kinyume. Mnamo Desemba 1924, huko Geneva, kampuni kubwa za taa za umeme, zikiwamo Osram na Philips, zilifanya mapatano yaliyojulikana kwa jina la Phoebus, nazo zikaafikiana kuwa taa ya nyumbani isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa taa za kuwaka saa 1,500 na zaidi zilikwishakuwapo. Na aliyetengeneza taa ya kudumu kupita kiwango alitozwa faini. Mapatano hayo yalivunjwa na Vita Vikuu vya Pili, lakini fikra yake haikufa: leo twauziwa vyombo vilivyogandishwa kwa gundi, ambavyo fundi hawezi kuvifungua ila kwa kuviharibu, kisha twalaumiwa sisi kwa israfu.

Kuanzia Januari 2021 sheria ya Ufaransa iliwataka wauzaji wa baadhi ya bidhaa, zikiwamo simu, televisheni na mashine za kufulia, waandike alama, kati ya 0 na 10, ya wepesi wa kutengenezeka. Yaliyopimwa ni pamoja na kuwapo kwa maelezo ya ufundi, wepesi wa kufungua, upatikanaji wa vipuri na bei yake; yaani yale yale ambayo mshoni wa barazani ameyazoea siku zote. Basi mwenye kutaka kupunguza taka asingoje chombo kiharibike ndipo amtafute fundi. Aanze dukani, kabla ya kutoa fedha, kwa kumwuliza muuzaji kama chombo hicho chafunguka, na kama vipuri vyake vyapatikana mjini.